Mji Mkongwe: Waya kwanza, waifai baadaye

WAFANYABIASHARA wengi wa Mji Mkongwe wanaishi juu ya maduka yao. Chini yamo magunia ya mdalasini, pilipili manga na hiliki, au majora ya vitambaa. Juu ndiko iliko familia, na siku hizi huko huko ndiko iliko kompyuta ya hesabu, kwa kuwa dukani kuna vumbi na mikono mingi. Oda ya hoteli inaingia saa nne asubuhi na kusomwa saa nane mchana, mtoto anaporudi shule. Kufikia saa hiyo hoteli imeshanunua kwingine.

Kinachosikitisha ni kwamba mwenye duka wa namna hiyo mara nyingi analipia intaneti mara tatu: ruta iliyoko ghorofani, kifurushi cha simu yake, na kifurushi cha kijana anayemsaidia kuuza. Analipa mara tatu kwa sababu ile ya ghorofani haishuki ngazi.

Zamani kisingizio kilikuwa gharama ya huduma yenyewe. Lakini mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010, na utegemezi wa setilaiti ukapungua sana. Kwa mwenye duka wa Hurumzi au Mkunazini, tatizo limehamia ndani ya nyumba.

Anapolalamika, dawa anayouziwa ni ile ile: ruta kubwa zaidi yenye antena nyingi, au kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachorudia mawimbi. Ushauri huo unaweza kufaa nyumba ya matofali huko Ng'ambo. Ndani ya Mji Mkongwe ni hasara.

Sababu iko kwenye ujenzi. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake mara nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita tatu hivi. Maana yake, mawimbi ya ruta yanayokatiza nyumba hukutana na ukuta mnene kila baada ya hatua chache. Tena ukuta wa chokaa ulio karibu na bahari hunyonya unyevu na chumvi, na maji ni adui wa mawimbi haya. Masafa ya gigahezi 5, yanayosifiwa kwa kasi, ndiyo yanayoshindwa mapema. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi kidogo, lakini nayo yakifika ukuta wa pili au wa tatu hayana tena nguvu ya kufanyia kazi.

Ikumbukwe pia kuwa mawasiliano haya ni ya pande mbili. Hata ruta ipige kelele namna gani, simu iliyoko dukani lazima nayo ijibu, na sauti ya simu ni ndogo. Kifaa cha kurudia nacho hurudia kile tu kilichokifikia. Kikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha dhoofika, kinasambaza udhaifu.

Jawabu ni waya. Waya wa mtandao wa daraja la 5e hupitisha hadi megabiti 1,000 kwa sekunde kwa umbali wa mita 100. Nyumba ya ghorofa tatu, kutoka chumba cha juu hadi dukani kwa kufuata ngazi, inaweza kumaliza mita 40 au 50 tu. Mwisho wa waya dukani huwekwa kifaa kidogo cha waifai, kingine ghorofa ya kati, na swichi moja karibu na ruta. Waifai inabaki, ila inafanya kazi ndani ya chumba kimoja kimoja, kazi inayoiweza.

Mwenye duka achukue daftari. Vile vifurushi viwili vya ziada avizidishe kwa miezi 12, kisha alinganishe na bei ya waya, swichi, vifaa viwili na siku moja ya fundi. Gharama ya pili hulipwa mara moja. Kama jumla ya vifurushi kwa mwaka ni ndogo sana kuliko hiyo, basi asivute waya. Si kila duka linauhitaji.

Akiamua kuvuta, asikimbilie waya wa bei rahisi. Upo unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwanguliwe kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, ile nyingine huonyesha weupe. Alumini hukatika upesi ikikunjwa, na kwa hewa ya chumvi ya Unguja haifai kabisa. Ncha za waya nazo hushika kutu, kwa hiyo iachwe mita moja ya akiba kila upande ili ncha iweze kukatwa na kufungwa upya.

Kutoboa ni jambo la kufikiri mara mbili. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na una mamlaka yake ya hifadhi. Nyumba nyingine ni za wakfu au za Serikali, na mpangaji hana ruhusa ya kuchimba apendavyo. Njia zipo tayari: ngazi, uwanja wa ndani, matundu ya zamani kando ya boriti. Waya usifungwe pamoja na nyaya za umeme, na palipotobolewa pazibwe kwa chokaa, si saruji.

Wakazi wa Unguja hawajasahau giza la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Ruta ndogo hutumia takriban wati 10 tu, na nyingi huendeshwa kwa volti 12. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ikifungwa na fundi aliyesoma mahitaji ya kifaa, inaiweka hai kwa saa kadhaa.

Kwa mkulima wa Kizimbani au Dole hali ni nyingine. Kwake kikwazo ni bati, ambalo hurudisha mawimbi, na umbali kati ya nyumba na ghala. Kuvuta waya wa shaba hewani kati ya majengo mawili ni kukaribisha radi. Antena mbili zinazotazamana ni salama zaidi, ilimradi pasiwe na mikarafuu katikati, kwani majani yaliyolowa mvua huzuia mawimbi. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani hahitaji lolote kati ya haya. Simu moja yenye salio inamtosha, na anayemwambia vinginevyo anamuuzia.

Na fundi asilipwe zote siku ya kwanza. Aandamane na mwenye nyumba hadi chumba cha mwisho kabisa, mlango ufungwe, simu iwashwe hapo, ndipo sehemu iliyobaki itoke mfukoni.