Sauti Kutoka Ukerewe

Mwezi huu sileti kwaya mnayoijua. Naleta nyimbo zilizorekodiwa mwaka 2016 kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, zikatolewa mwaka 2017. Albamu inaitwa kwa Kiingereza White African Power, na waimbaji ni ndugu zetu wenye ualbino, kikundi cha Tanzania Albinism Collective. Mtoto wa dada yangu alinitilia kwenye flashi, nikawa nazisikiliza jikoni huku nasonga ugali.

Niseme kweli, mara ya kwanza sikuzipenda. Tumezoea kinanda, gitaa, na vijana wenye sare wakicheza hatua moja. Humu hayamo. Nyimbo ni zaidi ya 20, nyingi fupi sana, za Kiswahili, Kikerewe na Kijita. Ian Brennan, Mmarekani aliyewarekodi, hakuzipamba. Sauti nyingine inatetemeka kama ya mtu anayetoa ushuhuda kanisani kwa mara ya kwanza. Wanaimba upweke, kusengenywa, mauaji ya wenzao, na kwamba nchi hii ni yao pia.

Baadaye nikajua kwamba wengi wao hawakuwa wamezoea kuimba mbele za watu, na wapo ambao hata kanisani hawakupewa nafasi. Hapo nikazima redio.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alimleta binti yake kwenye kwaya yetu ya watoto. Mtoto ana ualbino, ana sauti nzuri. Katika kamati mimi ndiye niliyesema asubiri, kwa sababu tunafanyia mazoezi nje na jua litamuumiza. Kwa kuwa mimi ni nesi, hakuna aliyenipinga. Lakini jua lina dawa yake, nami nilijua. Nilichoogopa ni macho ya watu siku ya tamasha. Mama yule alinishukuru, akamfunika mtoto kanga, wakaondoka.

Wenzangu wa Rukwa, sisi hatuna haki ya kusema mambo haya ni ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2013, na tena mwaka 2015, watoto wa mkoa wetu walikatwa mikono. Tulilia, tukaomba, kisha tukaendelea kuwaita wenzao zeruzeru sokoni.

Iko pia filamu, In the Shadow of the Sun, ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na Mwingereza Harry Freeland kwa miaka kadhaa. Inamfuata Josephat Torner, mwenyewe mwenye ualbino, akienda kijiji kwa kijiji kuzungumza na watu ana kwa ana, na kijana Vedastus wa huko huko Ukerewe anayetamani shule. Itazameni ninyi wazazi kwanza. Watoto wadogo wasiione usiku. Nyimbo, hata hivyo, wasikilize, kisha waulizeni wamesikia nini. Wangu mdogo aliuliza kama waimbaji hao wamewahi kusafiri. Ndiyo, mwaka 2017 waliimba Uingereza kwenye tamasha la WOMAD.

Sasa kuhusu jua. Baridi yetu ya Juni inadanganya. Huku juu Ufipa jua ni kali hata upepo ukivuma. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, akae kivulini kuanzia saa nne hadi saa kumi, apake mafuta ya kuzuia jua. Yako ya Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa KCMC, Moshi. Ulizeni kliniki ya ngozi. Kidonda kisichopona usoni au shingoni kisisubiri, kinaweza kuwa saratani. Shuleni akae mbele, maana macho yao huona mbali kwa shida.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama mwezi uliopita. Hakunikaribisha ndani mara moja. Mazoezi ya kwaya tumeyahamishia saa kumi na moja jioni, na binti amekuja mara mbili.