UFUNDI WETU: GARI LA OTOMATIKI LINAPOZIMA



Magari yenye gia za otomatiki sasa yamefika mpaka vijijini. Mengi ni magari ya petroli yaliyokwisha tumika miaka mingi. Mchana yanabeba abiria na mazao. Usiku yanawahisha wagonjwa hospitali. Gari likiwa moja tu kijijini, likizima njiani hasara si ya mwenye gari peke yake.

Ugonjwa mmoja wa magari haya ni huu. Gari linawaka vizuri. Dereva akisimama, injini inatetemeka, kisha inazima. Mafundi husema sailensa iko chini. Sailensa ni mwendo wa injini wakati dereva hajakanyaga mafuta.

HERUFI NNE

Kwenye gia utasoma herufi P, R, N na D. P ni ya kuegesha gari. R ni ya kurudi nyuma. N ni gia huru. D ni ya kwenda mbele. Gari huwashwa katika P au N tu.

KWA NINI LINAZIMA?

Dereva wa gari la gia za mkono akisimama hukanyaga klachi. Injini huachana na giaboksi. Gari la otomatiki halina pedeli ya klachi. Likiwa katika D, injini huendelea kusukuma mafuta ya giaboksi hata gari likiwa limesimama. Huo ni mzigo. Injini yenye sailensa nzuri huubeba. Injini yenye sailensa dhaifu huzima.

Magari mengi ya petroli, injini ikiwa ya moto, huzunguka kama mara 650 hadi 850 kwa dakika katika N. Ukiweka D mshale hushuka kidogo. Ukishuka chini ya 500, injini iko karibu kuzima.

LINAZIMA WAKATI GANI?

Usikimbilie kununua vipuri. Jiulize kwanza: linazima wakati gani?

Je, linazima asubuhi tu, injini ikiwa ya baridi? Huenda njia ya hewa ya sailensa imeziba, au kifaa cha kupima joto la injini kimeharibika.

Je, linazima ukiwasha taa au kiyoyozi, au ukikata usukani? Injini haiongezewi hewa ya kubeba mzigo huo. Angalia njia ya hewa. Angalia pia betri na alteneta.

Je, linazima hata likiwa mwendoni, tena halina nguvu? Angalia chujio la petroli, pampu na plagi.

Je, linatulia vizuri katika P, lakini baada ya safari ndefu, ukisimama tu, linakata kama gari la gia za mkono ambalo dereva wake amesahau klachi? Huenda kifungio kilichomo ndani ya giaboksi hakiachii. Hiyo ni kazi ya fundi wa giaboksi.

ANZA NA MAMBO RAHISI

Egesha gari mahali tambarare penye hewa. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wake unaua. Weka P, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe. Mtu yeyote asisimame mbele ya gari.

1. Toa eya klina. Ikiwa imejaa vumbi, badilisha.

2. Injini ikiwaka, sikiliza mipira ya hewa. Ukisikia mlio wa "sss", kuna mpira uliopasuka au kuchomoka. Hewa inayoingia hapo haikupimwa, na injini haitatulia.

3. Zima injini. Fungua mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye eya klina. Ndani utaona mlango mdogo wa chuma. Mara nyingi hushika masizi meusi. Katika magari mengi ya miaka ya 1990, karibu na mlango huo kuna tundu dogo la kupitisha hewa ya sailensa. Masizi yakiliziba, injini inakosa pumzi. Safisha kwa dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa laini. Usivute sigara hapo.

4. Toa plagi uzikague. Angalia na nyaya zake.

USIFICHE UGONJWA

Wako wanaokaza skrubu ili kupandisha sailensa. Gari halizimi tena, lakini ugonjwa umebaki. Sailensa ikiwa juu mno, gari la otomatiki huruka mbele mara tu dereva anapoweka D. Aliye mbele yake, pengine mtoto, anaweza kugongwa.

LIKIZIMA MWENDONI

Usukani utakuwa mgumu. Breki nazo zitakuwa ngumu ukizikanyaga mara kadhaa. Kwa hiyo usipigepige breki. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie. Shika usukani kwa mikono miwili, toka pembeni mwa barabara. Usizungushe ufunguo mpaka mwisho, usukani utajifunga. Usiweke P gari likiwa linatembea.

Kumbuka pia: gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Vijana hata wawe ishirini, watachoka bure. Kwa hiyo gari linaloanza kutetemeka litengenezwe mapema, kabla halijabeba mgonjwa.

MASWALI

1. Sailensa ni nini?
2. Kwa nini gari huweza kutulia katika P na kuzima katika D?
3. Kwa nini ni hatari kupandisha sailensa kwa skrubu tu?
4. Kijijini kwenu, gari la kuwahisha wagonjwa hukaguliwa na nani, na lini?

Jadilianeni darasani. Mwenye kujua amfundishe mwenzake.