Brauni si keki, tuache kuzikausha!



Ndugu wasomaji, kina mama na kina dada, na nyinyi kina baba ambao kazi yenu jikoni ni kuonja na kutoa hukumu, leo tuna neno. Kila Idi sinia za brauni zinazunguka nyumba hadi nyumba hapa Kampala, na nyingi kati yake ni kavu, zinapukutika mkononi, hazipiti kooni mpaka ziteremshwe kwa chai. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ndivyo zilivyoiva vizuri. Sisi tunasema HAPANA. Hizo zimekaushwa, na kukausha siyo kuivisha.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Si madogo. Kuna mabinti zetu wanaooka nyumbani na kuuza ili walipe karo za wadogo zao. Binti akioka brauni inavyotakiwa, laini na nzito katikati, anarudishiwa sinia: "Mwanangu, hii mbichi." Mara ya pili anaiacha jikoni dakika kumi zaidi ili asigombane na mteja. Mara ya tatu mteja mwingine anayejua brauni anaonja, haridhiki, haagizi tena. Nani amemharibia biashara? Ni sisi wenye ndimi za haraka.

Tuanze na asili yake. Brauni ni chakula cha Marekani. Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa mji wa Boston, aliweka brauni ya chokoleti katika toleo la mwaka 1906 la kitabu chake. Tazameni vipimo: sukari kikombe kimoja, unga nusu kikombe. Yaani sukari ni mara mbili ya unga, na beking pauda haimo kabisa! Basi anayetuambia kwamba bila beking pauda brauni haiwi, amelitoa wapi? Amelitoa kwenye keki. Keki inataka kuumuka na kuwa nyepesi kama sifongo. Brauni inataka kubana na kuwa nzito. Ni vitu viwili, kama vile mandazi na kaimati si kitu kimoja ingawa vyote vinazama katika mafuta.

Na hapa tulipo, beking pauda inadhuru zaidi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ndugu zetu wa Kigali na Nairobi wako juu zaidi. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, gesi inatanuka kwa nguvu, na maji yanachemka kabla ya nyuzi 100 na kukauka upesi. Brauni yenye beking pauda inafura, kisha inazama katikati huku kingo zimekauka. Mpishi akiona shimo anadhani haijaiva, anairudisha motoni. Hapo ndipo inapokwisha.

Wengine wanaitia makusudi, ili sinia moja ijae na itoe vipande vingi. Ndugu yangu, ukiuza keki ya kakao, iite keki ya kakao, na uiuze kwa bei yake. Mnunuzi aliyelipia brauni apewe brauni.

Sasa hoja kubwa ya wapinzani wetu: "Mayai mabichi yatawadhuru watoto." Hofu hiyo ni ya haki na tunaiheshimu. Lakini unyevu si ubichi! Mchanganyiko wa yai ukifika nyuzi 71 katikati umeshavuka mahali pa hatari, na brauni iliyoshikana inakuwa imepita hapo. Kinachoifanya iwe laini baada ya kuiva ni siagi na sukari nyingi kuliko unga. Kipimo ni rahisi. Chomeka kijiti vidole viwili kutoka ukingoni. Kikitoka na uji unaotiririka, bado. Kikitoka na chembe chache zenye unyevu, IPUA. Ukingoja kijiti kitoke kikavu umeshachelewa, kwa sababu brauni inaendelea kuiva ndani ya chombo chake cha moto hata baada ya kutolewa.

Ili tusiwe watu wa lawama tu, hivi hapa vipimo vya chombo cha sentimita 20 kwa 20: siagi gramu 150, sukari gramu 250, kakao ya unga isiyo na sukari gramu 70, unga wa ngano gramu 70, mayai makubwa mawili na chumvi kidogo. Yeyusha siagi pamoja na sukari na kakao kwenye moto mdogo. Acha ipoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, la sivyo mayai yataganda. Tia yai moja moja na upige kwa nguvu mpaka rojo liwe zito na ling'ae, kwani sukari ikiyeyuka vizuri ndani ya yai ndipo juu panapopata ile ngozi nyembamba yenye nyufa. Mwisho tia unga, na hapo acha nguvu zote. Geuza kwa mwiko mpaka unga usionekane, basi. Ukiupiga sana unga wa ngano unajenga utando wa kuvutika, na brauni inakuwa ngumu kama chapati ya jana. Oka kwa nyuzi 170, dakika 20 hadi 25, na anza kuchungulia dakika ya 18.

Wasio na oveni wasikate tamaa. Sufuria kubwa yenye mchanga chini, chombo ndani yake, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, inatosha kabisa. Moto ukizidi chini, kitako kinaungua kabla katikati hapajashikana.

Halafu kuna subira. Usikate brauni ya moto! Ikiwa ya moto siagi bado ni maji, kisu kinaburura, na mtu anasema "si nilisema mbichi?" Iache ipoe kabisa, saa mbili au zaidi, ndipo uihukumu.

Tunawauliza pia: kwa nini tunaamini brauni nzuri hutoka kwenye boksi la ng'ambo tu? Kakao inalimwa Bundibugyo, na ng'ambo ya mpaka huko Beni. Sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa punje kavu, kisha tunainunua tena kwa bei ya wageni. Mwaka 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kitu cha thamani hivyo kukikausha mpaka kisilike, halafu kikaishia kwa kuku, huo ni israfu.

Na vanila vilevile. Someni chupa. Kwa kanuni za Marekani, dondoo ya vanila inatakiwa iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Familia zinazotaka kujiepusha nayo hazina haja ya kuhangaika, maana Uganda yenyewe inalima vanila. Pasua ganda moja, lizike katika kopo la sukari, lifunike wiki mbili. Sukari hiyo itanukia kuliko chupa yoyote.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Waokaji: punguzeni unga, acheni beking pauda, ipueni mapema. Wateja: mkiletewa brauni laini, msiirudishe kabla ya kuuliza. Na kina baba: kabla ya kusema "mbichi", tafuna kwanza kipande kizima, kilichopoa.

Sinia zijazo zije laini, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.