Usimalize Malipo ya Fundi Kabla ya Kukata Umeme



Siku hizi vijana wetu wanafunga kompyuta ndogo za Raspberry Pi kwenye vitalu nyumba, mabanda ya kuku na visima. Kompyuta hii inatosha kiganjani na inaendeshwa na Linux, lakini peke yake haiwashi pampu wala haipimi unyevu wa udongo. Kazi hiyo hufanywa na bodi za nyongeza zinazochomekwa kwenye pini zake 40.

Msimamo wangu ni huu: fundi asilipwe pesa ya mwisho mpaka umeme ukatwe na kurudishwa mbele yako, na mipangilio ya bodi zote ibaki kwako kwa maandishi. Siku ya kufunga kila kitu huwaka vizuri, kwa sababu fundi yupo na laptopu yake iko wazi. Shida huja siku umeme unapokatika usiku, na fundi yuko mkoa mwingine.

Bodi ya saa

Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri. Zikizimika kisha zikawaka bila intaneti, huendelea kuhesabu kuanzia karibu na pale zilipoishia. Umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi saa nne asubuhi, kompyuta inaamini bado ni usiku. Maji uliyopanga yatoke saa kumi na mbili asubuhi yatatoka saa kumi na mbili jioni. Nyanya zinazokauka leo na kufurika kesho hupasuka na kuoza kitako, na sokoni hakuna anayezitaka.

Bodi ya saa kama DS3231 inatibu tatizo hili, ila kuichomeka tu hakutoshi. Ndani ya faili la config.txt lazima uwepo mstari huu:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Bila huo, Linux haitaitumia. Raspberry Pi 5 ina saa ndani yake, lakini betri ya saa hiyo hununuliwa kando.

Bodi ya rilei

Bodi nyingi za rilei za bei nafuu huwasha pampu pale volti ya pini inaposhuka, na huizima volti inapopanda. Kompyuta inapoamka, pini bado haijapewa amri, kwa hiyo pampu inaweza kuanza kazi bila kutumwa. Kama rilei yako iko kwenye GPIO 17, mstari huu hupandisha volti ya pini hiyo mapema, kabla Linux haijaamka:

gpio=17=op,dh

Ni herufi chache tu, lakini kwa mwenye kisima kikavu zinaweza kuokoa pampu.

Bodi ya sensa

Sensa nyingi za unyevu hutoa volti inayopanda na kushuka, na Raspberry Pi haiwezi kuisoma moja kwa moja. Inahitaji bodi ya kubadilisha, kwa mfano ADS1115, yenye nafasi nne. Ukitaka sensa nane utafunga bodi mbili, na kwa kawaida zote huja na anwani moja, 0x48. Usipobadilisha moja iwe 0x49 zitajibu kwa pamoja, kama wanafunzi wawili wenye jina moja wakati wa kuita mahudhurio. Mwambie fundi aandike amri ya i2cdetect -y 1, akuonyeshe kila anwani kwa kidole.

Zipo pia bodi ziitwazo HAT, zilizoanza mwaka 2014, zenye kumbukumbu ndogo ya kujitambulisha kwa kompyuta. Ukiweza, chagua hizo. Lakini si kila bodi yenye umbo hilo ina kumbukumbu hiyo, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Fundi akikataa

Wapo mafundi watakaosema mipangilio ni siri ya kazi. Programu aliyoitunga ni jasho lake, sikatai. Lakini kujua bodi yako iko pini gani na ina anwani gani ni sawa na kujua dawa iliyopuliziwa shambani kwako. Huhitaji kujifunza Linux. Unahitaji karatasi ambayo fundi mwingine ataanzia.

Wengine watasema kukata umeme ghafla kunaweza kuharibu kadi ya memori. Ni kweli. Lakini umeme wetu hautapiga hodi kabla ya kukatika, na ni heri kadi iharibike fundi akiwa bado anakudai.

Basi, kabla ya pesa ya mwisho:

1. Pokea karatasi yenye jina la kila bodi, pini zake, anwani yake na mistari yote iliyoongezwa kwenye config.txt.
2. Pokea kadi ya pili ya memori yenye nakala kamili, na uone kompyuta ikiwaka nayo.
3. Zima intaneti, kata umeme, subiri nusu saa, kisha rudisha umeme. Angalia saa, pampu na sensa bila mtu kugusa kitu. Rudia mara tatu.

Fundi anayejiamini atakushikia tochi wakati wa jaribio hilo. Anayelikwepa amekupa jibu mapema.