Kidumu Kile Usikitie Maji

Huku kwetu Narung'ombe kitu hakifi mara moja. Kanga ikichakaa huwa mbeleko, mbeleko ikichanika hukatwa nepi, na nepi zikizeeka huwa matambara ya kuipulia sufuria. Kopo la maziwa hugeuka kibatari. Siku hizi wataalamu wanaita jambo hili uchumi wa mzunguko. Bibi zetu walilifanya bila kulipa jina.

Lakini kiko chombo kimoja kinachoninyima usingizi. Ukifika msimu wa kupulizia mikorosho, mnamo Mei au Juni, majumbani huingia salfa ya unga na dawa za maji za kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua. Bila dawa hizo ada ya shule tungeitoa wapi? Dawa ikiisha hubaki vidumu imara, vyenye vifuniko vinavyobana. Nasi tuliozoea kutotupa, mkono huenda wenyewe.

Mwaka mmoja nilikikuta kidumu cha namna hiyo jikoni kwa shoga yangu, kimejaa maji ya kunywa.

"Nimekisuuza kwa sabuni mara tano," akaniambia. "Hata harufu hakina."

Mama, harufu siyo kipimo. Dawa huweza kunywewa na plastiki yenyewe, kisha ikatoka kidogo kidogo katika maji au mafuta ya kupikia. Na mtoto mdogo hudhurika kwa kiasi ambacho mtu mzima hakisikii.

Sikumgombeza. Maji yanatoka mbali, na dumu ni pesa. Kesho yake nilimpelekea dumu langu lililokwisha mafuta ya kula, tukakitoboa kile chake pamoja.

Baba akimaliza dawa ya maji, mwambie akisuuze chombo mara tatu, na maji yale ayatie katika mashine ayapulizie mikorosho, siyo kuyamwaga kisimani wala mtoni. Kisha akitoboe kitako. Kisichomwe jikoni. Mifuko ya salfa nayo tusiianikie makopa. Na dawa isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto anaijua chupa ya soda! Ikitokea amekunywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize zahanati pamoja na chombo chenyewe, mganga asome karatasi yake.

Shoga yangu alikuwa na kidumu cha pili, cha mafuta, ambacho hakunionyesha siku ile. Wiki iliyofuata alikuja nacho mwenyewe, mkono mmoja kidumu, mkono mwingine msumari.