Mtoto Anayesuasua Kusoma Si Mzito



Mzazi mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, ametuuliza swali ambalo bila shaka si lake peke yake. Mwanawe wa miaka 13 anatamani kujifunza Kichina, maana anawaona vijana wanaokijua wakipata kazi kwa makandarasi na wafanyabiashara. Lakini kijana huyo husoma Kiswahili kwa kusuasua, huchanganya b na d, na madrasa amekaa miaka minne bila kutofautisha baa, taa na thaa. Ustadhi wake amekwisha kumhukumu kuwa ni mzito. Je, mtoto wa namna hii aongezewe mwandiko wenye maelfu ya alama?

Jibu letu ni ndiyo, ila kwa masharti. Kabla ya masharti hayo, hatuna budi kuisahihisha hukumu ya ustadhi.

Kijana huyo huyo amehifadhi Juzuu Amma yote kwa kusikiliza. Mzito wa akili angewezaje? Wataalamu huiita hali hii disleksia, yaani ugumu wa kuoanisha sauti na herufi, ambao aghalabu hurithiwa katika ukoo. Si uvivu, si upungufu wa akili, si ugonjwa wa macho, wala si jini. Fimbo haiuondoi. Linaloondolewa na fimbo ni hamu ya mtoto ya kusoma.

Sasa tukitazame Kichina. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walieleza namna watoto wa mji wa Philadelphia, walioshindwa kusoma Kiingereza, walivyofundishwa alama 30 za Kichina zikisomwa kwa maneno ya Kiingereza. Kwa saa chache tu za mafunzo walizisoma, hata zikiwa katika sentensi. Kilichowashinda kwenye herufi hakikuwashinda kwenye alama zinazobeba neno zima.

Hata hivyo tusijidanganye. China nako wapo watoto wenye disleksia. Mwanafunzi wa huko hutarajiwa kujua takriban alama 3,000 katika shule ya msingi, na wapo wanaokwama kukumbuka maumbo na sehemu zake. Hivyo Kichina si dawa. Somo tunalolipata ni kwamba mtoto aweza kujikwaa katika mwandiko mmoja na kupiga hatua katika mwingine. Basi ni dhulma kumhukumu kwa mwandiko mmoja.

Masharti ni haya. Kwanza, aanze kwa kusikia na kusema, kwa kuwa sikio lake ni zima. Pili, asikimbizwe kwenye mwandiko wa pinyin, ule wa herufi za Kilatini uliorasimishwa China mwaka 1958, kwani herufi zile zile alizojikwaa nazo hupewa humo sauti nyingine. Tatu, alama zifundishwe kwa sehemu zake, chache kwa juma. Alama ya mti ikiandikwa mara mbili huwa kichaka, na mara tatu huwa msitu mkubwa. Mtoto wa Mufindi aliyekulia kando ya misitu ya Sao Hill ataisahau vipi? Nne, apimwe kwa mdomo, na akiandika aongezewe muda.

Huenda mtu akasema kwamba Kichina ni anasa. Tumkumbushe kuwa reli ya TAZARA, inayopita Mbeya kuelekea Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na wazee wetu kati ya mwaka 1970 na 1975. Aidha, tangu mwaka 2013 lugha hiyo ina taasisi zake katika Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Mlango uko wazi. Kwa nini wafungiwe watoto wale wale waliokwisha kufungiwa milango mingine?

Lililo kubwa zaidi ni la nyumbani kwetu. Baa, taa na thaa zina umbo moja, zikitofautishwa na nukta tu. Huo ni mtihani mgumu mno kwa mtoto mwenye disleksia, nasi humpa zote tatu siku moja, kisha tukamchapa mbele ya wenzake! Afundishwe herufi moja kwa juma, iandikwe kubwa, aichore kwa kidole mchangani huku akiitamka, na nukta ziwekwe rangi. Asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa kabla hajawa tayari.

Walimu wa madrasa watasema kuwa wanafunzi ni wengi na ustadhi ni mmoja. Ni kweli, wala hatuwalaumu kwa umaskini wa vyuo vyetu. Lakini mchanga hauuzwi, na kuacha kumwaibisha mtoto hakugharimu hata shilingi. Kwani Mtume (s.a.w.) hakutufundisha kwamba anayeisoma Qur'ani kwa taabu na kigugumizi ana malipo mawili? Vipi basi yule aliyeahidiwa malipo mawili, sisi tumlipe viboko?

Tunapendekeza kila kamati ya madrasa, Mbeya na Iringa, iteue mwalimu mmoja ajifunze mbinu hizi. Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu, na wahitimu wa fani hiyo wamo katika shule za serikali. Wafuatwe na waombwe ushauri, hata kwa siku moja ya Jumamosi.

Na wewe mzazi wa Mwanjelwa, mruhusu mwanao ajifunze Kichina. Kisha nenda kwa ustadhi wake ukamwombe, kwa adabu, amsikilize kijana akisoma Juzuu Amma kwa moyo kabla ya kumwita mzito tena.

Wabillahi tawfiq.