Mwenye Nyumba Naye Ahojiwe

Kutafuta chumba Dar es Salaam siku hizi ni kama kwenda kuposa. Dalali ndiye mshenga. Anakutangulia, anakusifia kwa mwenye nyumba, kisha anakunong'oneza mlangoni, "Ukiulizwa, sema una mchumba na mko mbioni kufunga ndoa." Unaketi kwenye kiti cha plastiki barazani, maswali yanaanza. Unafanya kazi wapi? Kabila gani? Umeoa? Watoto wangapi? Unarudi saa ngapi usiku? Kama ni dada asiye na mume, wakati mwingine hata maswali hayafiki. Anaambiwa chumba kimeshachukuliwa, na wiki inayofuata kibao cha "Chumba kinapangishwa" bado kinaning'inia pale pale.

Ukifaulu usaili huo, ndipo unasikia sentensi yenyewe: "Haya, lete ya miezi sita."

Hapo ndipo ninapogombana na utaratibu huu wote. Tupige hesabu. Tuseme chumba ni Sh 100,000 kwa mwezi. Miezi sita ni Sh 600,000, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, jumla Sh 700,000 kabla hujaingiza hata ndoo. Sasa niambie, kati ya watu wawili hawa, nani amembeba mwenzake? Mwenye nyumba ana nyumba yake na hela ya nusu mwaka mfukoni. Mpangaji ana karatasi ya risiti, tena akibahatika. Anayelipia kitu miezi sita kabla ya kukitumia ni mkopeshaji, ila kwetu mkopeshaji ndiye anayehojiwa na mkopaji ndiye anayehoji. Hii imekaaje, jamani?

Najua jibu linalokuja. "Wewe hujawahi kuwa na mpangaji sugu." Ni kweli wapo. Wapo wanaokaa miezi mitatu bila kulipa, wanaohama usiku na kuacha choo kimevunjika, na yuko mama mjane ambaye vyumba vyake viwili ndiyo pensheni yake. Huyo ana haki ya kujua anamkaribisha nani. Aombe kitambulisho cha NIDA. Aulizie kwa mwenye nyumba wa zamani. Waandikishiane mkataba, ofisi ya serikali ya mtaa ishuhudie. Lakini kabila langu litamwambia nini kuhusu kodi ya Julai? Na ndoa? Watu wenye ndoa hawavunji vyoo?

Maswali haya yana asili yake, na asili hiyo haikuwa mbaya. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, na uani choo kimoja na jiko la wote. Mwenye nyumba alilala chumba cha mbele, mpangaji akalala cha pili. Walichota maji pamoja, walizikana. Mtu wa kuishi naye hivyo lazima umuulize. Leo mwenye nyumba anaishi Tegeta na nyumba iko Mbagala, anakuja mara mbili kwa mwaka kuchukua hela, lakini maswali ya ukumbini bado anayo. Ujirani umeondoka, upekuzi umebaki.

Na sheria? Ile ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo bei na masharti mengi vimeachwa kwa wawili hao wakubaliane, kana kwamba nguvu zao zinalingana. Katiba ya 1977, Ibara ya 13, inapoeleza ubaguzi ni nini, inataja kabila, dini na jinsia. Hayo matatu ndiyo maswali ya barazani, moja baada ya jingine, na tumeyazoea kiasi kwamba tunayajibu huku tukitabasamu.

Wasomaji wa ukurasa huu mnajua uhakiki. Mhakiki anayekikataa kitabu kwa jina la mwandishi tu, bila kufungua hata ukurasa mmoja, tunamcheka. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ajabu ni kwamba wenye hizo nyumba ndio wanaosoma watu mlangoni na kuishia hapo.

Sasa turudi kwenye posa. Posa ya kweli ina kanuni moja: kila upande unaulizia. Wakwe wanachunguza, nao wanachunguzwa, na hakuna anayenuna. Basi na tuulize. Siyo kwa ukorofi, kwa heshima zote: shikamoo mzee, halafu swali. Nyumba hii ni yako, au ni ya mirathi ambayo ndugu bado hawajagawana? Ina mkopo wa benki? LUKU ni ya kila chumba, au tunachangia na mwenye friji na mwenye feni tunalipa sawa? Masika maji yanafika wapi? Mpangaji aliyekuwa humu alitoka kwa nini, na ninaweza kupata namba yake? Ukitaka kuniondoa, utanipa notisi ya miezi mingapi, na hela yangu iliyobaki utairudisha lini?

Dalali atakukonyeza unyamaze. Usinyamaze. Mwenye nyumba mwema atajibu, na wapo wengi. Atakayefoka, "Unanihoji kwenye nyumba yangu?" mshukuru na uondoke na Sh 600,000 zako. Amekuonyesha mapema atakavyokujibu siku bati likivuja.